Kuvuta chembe za polistireni ndani ya utando wa PVA: kwa nini duaradufu zinatoka fupi na zimechanganyika na matufe?

Chembe_Mviringo (mwanzisha mada)

Habari wadau. Lengo ni kupata chembe ndefu zenye umbo la duaradufu kutoka kwa matufe ya polistireni yenye kipenyo cha mikromita 1. Njia ni ile inayojulikana: unazika matufe ndani ya utando wa PVA (polivinili alkoholi, polima inayoyeyuka majini), unaupasha moto, unauvuta, unaupoza ukiwa bado umevutwa, kisha unayeyusha utando na kubaki na chembe. Utaratibu ulivyo sasa:

PVA iliyohidrolishwa 98–99%, asilimia 5 kwenye maji, pamoja na gliseroli asilimia 2. Ndani ya mL 20 za mchanganyiko huo unatiwa mL 0.4 wa matufe kutoka kwenye chupa yenye yabisi asilimia 2.5. Unamiminwa kwenye trei ya sm 10 kwa sm 10 na kuachwa saa 24 ukauke. Kipande chenye upana wa mm 40 na urefu wa mm 40 kati ya vibano kinatumbukizwa kwenye mafuta ya silikoni ya nyuzi 110 kwa dakika 2, halafu vibano vinaachanishwa hadi mm 120 ndani ya sekunde 30. Kikishapoa, kipande kizima kinayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 95 kwa saa 2, kisha sentrifuji na kusuuza mara 3.

Utando umevutwa mara 3, kwa hiyo hesabu inasema uwiano wa urefu kwa upana uwe 3 kwa kipeo cha 1.5, yaani 5.2. Hadubini ya elektroni inaonyesha urefu wa wastani mikromita 3.0 na upana 0.9, yaani uwiano wa 3.3 tu. Chembe moja kati ya kila saba hivi bado ni tufe. Nyingine zina ncha zilizochongoka kupita kiasi. Tena kuna ngozi nyembamba inayounganisha chembe kama utando wa buibui.

Joto lipandishwe? Au utando uvutwe zaidi, hadi mara 5?

---

Mkazo_Mnyoofu

Mkuu, usivute zaidi kwanza. Huenda hizo 3.3 ni sahihi kabisa kwa utando uliouvuta, ila hesabu uliyotumia ni ya utando mwingine.

Kipeo cha 1.5 kinatokana na dhana moja: utando ukirefuka mara λ, upana na unene vinapungua vyote kwa kiasi kilekile, kila kimoja kikibaki 1/√λ. Hilo hutokea kwenye ukanda mwembamba na mrefu. Kipande chako ni mraba. Vibano vimeshika mm 40 zote za upana na haviziachii, kwa hiyo katikati utando hauwezi kusinyaa kwa upana. Karibu upungufu wote unakwenda kwenye unene. Ukivuta mara 3 namna hiyo, urefu unakuwa 3, upana unabaki karibu na 1, na unene unashuka karibu na theluthi. Chembe iliyomo ndani inafuata utando: haiwi duaradufu ya mviringo kama pipa, inakuwa bapa, yenye mihimili mitatu tofauti.

Sasa fikiria chembe hiyo ikianguka kwenye kibati cha hadubini. Italala kwa upande wake bapa, kama kokwa ya embe ikiwekwa mezani. Wewe unaitazama kutoka juu, unaona urefu na upana. Mhimili mfupi kuliko yote umeelekea chini na hauonekani. Kwa urefu 3.0 na upana 0.9, kama ujazo haujabadilika, unene unatakiwa uwe 1/(3.0 × 0.9), yaani mikromita 0.37.

Jambo hili linapimika. Inamisha sampuli nyuzi 70, tafuta chembe ambazo mhimili mrefu uko sambamba na mhimili wa kuinamisha, upime upana mpya unaoonekana. Huo si unene wenyewe. Unachokiona ni √[(b·cosθ)² + (c·sinθ)²], ambapo b ni upana ulioupima kutoka juu, c ni unene unaoutafuta na θ ni pembe ya kuinamisha. Kwa b = 0.9 na c = 0.37 utaona takriban 0.46. Kama chembe ni za mviringo kiunoni, utaona 0.9 ileile hata ukiinamisha.

Jambo la pili ni kwamba usiamini umbali wa vibano. Utando huteleza kidogo ndani ya vibano, na karibu na vibano hauvutiki sawa na katikati. Kabla ya kuvuta, chora miraba ya mm 5 juu ya utando kwa wino usiotoka kwenye mafuta. Baada ya kupoza, pima miraba ya katikati pande zote mbili. Mraba wa mm 5 × 5 uliogeuka mm 15 × 4.5 unakwambia moja kwa moja: 3.0, 0.9, na unene uliobaki 0.37. Maikromita skrubu ithibitishe unene huo. Miraba hiyo ndiyo kumbukumbu ya mkazo ambao chembe ziliuona. Vibano havijui kitu.

Na hapo ndipo sehemu ya matufe yako inapotoka. Umeyeyusha kipande kizima, pamoja na kingo zilizobanwa ambazo hazikuvutika kabisa. Kata theluthi ya katikati tu, utupe iliyobaki.

Kama unataka duaradufu za mviringo kiunoni zenye 5.2, kata ukanda wa mm 60 kwa mm 12. Ukivutwa mara 3, upana wa katikati lazima ushuke hadi mm 6.9. Ukikuta mm 9, tayari unajua chembe zitatoka bapa kabla hata hujagusa hadubini.

---

Fundi_Joto

Nakubaliana na hoja ya miraba, lakini jiometri haielezi ncha zilizochongoka. Hapo kuna tatizo la joto na kasi, na ni kubwa.

Polistireni hulainika kuanzia karibu na nyuzi 100. Ukiwa nyuzi 110 umeivuka kidogo tu: chembe ni laini kwa jina, lakini mnato wake bado ni mkubwa mno. Katika eneo hili mnato hubadilika kwa kasi sana. Kutoka 110 hadi 125 hushuka zaidi ya mara 100. Wewe unavuta kwa mm 160 kwa dakika, kwenye utando wa mm 40. Minyororo ya polima haipati nafasi ya kupitana. Utando unakimbia, chembe inabaki nyuma, na PVA inaachana nayo kwenye ncha mbili za upande wa kuvutia. Panatokea uwazi mdogo kila ncha. Polistireni ikipata muda kidogo inajongea kuingia kwenye uwazi huo, na ncha inachongoka.

Uwazi huo si adui kwa kila mtu. Kuna wanaoutengeneza kwa makusudi: utando unavutwa kwanza chembe zikiwa bado ngumu, uwazi unafunguka, halafu ndipo chembe zinalainishwa kwa joto au kwa tolueni ili zijaze nafasi ile. Kundi la watafiti la Mitragotri lilionyesha mwaka 2007 kwamba kwa kubadilisha mpangilio wa hatua, unene wa utando na njia ya kulainisha, unaweza kupata zaidi ya maumbo 20 kutoka kwa tufe moja. Lakini kwa duaradufu safi unataka kinyume chake: chembe ilainike kwanza, utando na chembe vitembee pamoja.

Kwa hiyo:

Mafuta yawe nyuzi 125, na kipimajoto kiwe kando ya utando, si kwenye sahani ya moto. Subiri dakika 8 hadi 10 kabla ya kuvuta. Utando wenyewe unapata moto upesi. Vibano vya chuma ndivyo vinavyochelewa, na vinanyonya joto la kingo.

Vuta mm 5 hadi 10 kwa dakika. Safari ya mm 80 itachukua dakika 8 hadi 16, na ndivyo inavyotakiwa.

Ukifika mwisho, shikilia hapo dakika 3 hadi 5 kwenye joto lilelile ili mkazo uliobaki ndani ya chembe ulegee. Kisha toa vibano vikiwa bado vimefungwa kwenye urefu uleule na uache kila kitu kifike joto la chumba. Hili halina mjadala. Utando wa PVA uliovutwa una tabia ya mpira. Ukiufungua ukiwa na moto unasinyaa na kurudisha chembe nyuma pamoja nao.

Usifanye kazi hii kwenye oveni ya hewa kavu kama unaweza kukwepa. PVA hupoteza maji yake, inakakamaa, na inaweza kupasuka mapema. Mafuta huifunika. Ukimaliza futa mafuta kwa karatasi laini na suuza kwa isopropanoli tupu, ambayo haiyeyushi PVA wala polistireni.

Swali moja: lebo ya matufe yako inataja divinilibenzini? Kama ndiyo, minyororo imefungamanishwa, na hapo chembe haitiririki hata ukiisubiri. Inanyumbuka kama mpira, umbo linagandishwa tu na ubaridi.

---

Suuza_Tena

Naongeza upande wa kuyeyusha, maana nyuzi 95 kwa saa 2 kwa polistireni iliyovutwa ni hatari.

Chembe iliyovutwa na kupozwa ina minyororo iliyonyooshwa na kugandishwa hivyo. Inataka kurudi. Kinachoizuia ni kwamba polistireni ni ngumu chini ya kiwango chake cha kulainika. Matufe yanayotengenezwa kwa emalsheni yanaweza kuwa na mabaki ya stireni ndani, na mabaki hayo hushusha kiwango hicho chini ya 100. Ukiiweka nyuzi 95 kwa saa 2 umeipa ruhusa ianze kujikunja. Sehemu ya matufe yako huenda yamezaliwa hapo, siyo kwenye kuvuta. Tumia nyuzi 60 hadi 65, usizidi.

Najua kwa nini ulipanda hadi 95: utando ulikataa kuyeyuka. Tatizo ni aina ya PVA. Ile ya 98–99% hutengeneza fuwele, na kuivuta ikiwa na moto kunaongeza fuwele hizo na kuzipanga upande mmoja. Inakuwa kama uzi. Badilisha utumie iliyohidrolishwa 87–89%. Vikundi vya asetati vilivyobaki vinaharibu mpangilio wa fuwele, na utando unayeyuka kwa nyuzi 60 bila ugomvi. Ukiitayarisha, nyunyiza unga kwenye maji baridi yanayokorogwa, kisha ndipo upandishe joto hadi 85. Ukiutupa unga kwenye maji moto, unafanya madonge yenye ganda nje na unga mkavu ndani.

Kuhusu ngozi ya buibui. Hesabu ya kusuuza inadanganya. Ukiwa na mL 40 kwenye mrija na ukabakiza mL 1, kila mzunguko unapunguza PVA iliyo majini mara 40. Mara 3 ni mara 64,000. Kwa PVA iliyo huru hiyo inatosha. Ngozi unayoiona ni ile iliyonata kwenye uso wa chembe, na hiyo haijali unasuuza mara ngapi, inajali muda na joto. Kwa hiyo kati ya mzunguko na mzunguko, tawanya mashapo kwenye maji mapya ya nyuzi 60, uyakoroge saa 1 kamili, ndipo uzungushe. Mizunguko 3 ya kwanza tumia maji na isopropanoli kwa uwiano wa 7 kwa 3. Usizidishe isopropanoli kwa sababu PVA yenyewe itaganda na kushuka pamoja na chembe. Kisha mizunguko 5 au 6 ya maji matupu.

Sentrifuji 4000 × g kwa dakika 15 inatosha kwa chembe za ukubwa huu, isipokuwa mzunguko wa kwanza ambapo maji bado ni mazito. Hapo ongeza maji, usiongeze kasi. Mashapo yaliyogandamizwa sana hayatawanyiki tena.

Kipimo cha kujua umefika: chukua maji ya juu, tia asidi ya boriki na matone ya myeyusho wa iodini. Rangi ya buluu-kijani maana yake PVA bado ipo.

---

Chembe_Mviringo

Ahsanteni sana. Majibu ya mliyouliza:

Lebo haina divinilibenzini. Sampuli ileile ya awali imeinamishwa nyuzi 70: chembe zilizolala sambamba na mhimili zinaonyesha upana wa wastani 0.47. Kwa hesabu ya Mkazo_Mnyoofu, unene ni takriban 0.38. Kwa hiyo ni bapa kweli.

Mawili yamebaki. Je, wingi wa chembe kwenye utando una shida? Kuna jozi zilizoungana ubavuni. Na pili, utaratibu huu unahamishika kwenda PLGA (polima inayovunjika mwilini), na kwenye chembe za nanomita 100?

---

Mkazo_Mnyoofu

0.38 × 0.9 × 3.0 ni 1.03, na tufe lako la mwanzo ni 1 × 1 × 1. Ujazo umetunzwa, maana yake nyingi zilifuata utando vizuri hata kwa kasi ile. Zilizochongoka ni suala la Fundi_Joto.

Wingi: mL 0.4 ya asilimia 2.5 ni mg 10 za polistireni, sawa na matufe takriban bilioni 18. Utando wako, gramu 1 ya PVA na gramu 0.4 ya gliseroli, una ujazo wa takriban sm³ 1.1. Kila tufe linapata mikromita 61 za ujazo, yaani wastani wa mikromita 3.9 kutoka kitovu hadi kitovu. Huo ni wastani. Kwa mtawanyiko wa bahati nasibu, nyingi ziko karibu zaidi, na mbili zinazogusana kwenye nyuzi 125 huungana. Shuka hadi mg 2, umbali unakuwa mikromita 6.7. Utapata chembe chache kwa kila utando, lakini zitakuwa moja moja.

Hesabu hiyohiyo inakupa unene: sm³ 1.1 juu ya sm² 100 ni mikromita 110. Ukitaka 70, mimina mL 13 badala ya 20. Trei iwekwe sawasawa kwa pima maji. Upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, sehemu nyembamba ndiyo itavutika peke yake, na utarudi kwenye mchanganyiko wa maumbo. Viputo vitolewe kabla ya kumimina, kwa kuacha mchanganyiko utulie usiku kucha kwenye chupa iliyofungwa, kisha kuugeuza taratibu mara chache ili matufe yajitawanye tena. Kila kiputo ni mahali pa kupasukia.

---

Fundi_Joto

Nanomita 100 kwanza. Chembe iliyovutwa ikiwa laini hurudi kuwa tufe kwa sababu ya mvutano wa uso wake, na muda wa kurudi ni takriban ηR/γ: mnato mara nusu kipenyo, gawanya kwa mvutano kati ya chembe na PVA. Kipenyo kikipungua mara 10, muda unapungua mara 10. Kwa hiyo ule muda wa kushikilia dakika 3 hadi 5 unaofaa kwa mikromita 1 unaweza kukuharibia nanomita 100. Shusha joto hadi 115–118, vuta kwa kasi ya juu kidogo, na poza mara moja bila kushikilia. Sentrifuji nayo ipande hadi 15,000 × g au zaidi, kwa dakika 30 hadi 45.

PLGA ni habari tofauti. Ikiwa kavu hulainika kwenye nyuzi 45 hadi 50, kwa hiyo unavuta kwenye 65 hadi 70. Tatizo linaanza unapoyeyusha utando. Maji huingia ndani ya PLGA na kushusha kiwango cha kulainika, hata nyuzi 37 zinatosha kuirudisha kuwa tufe. Yoo na Mitragotri walitumia tabia hiyo kwa makusudi mwaka 2010: duaradufu za PLGA zinazobadilika kuwa matufe zikiguswa na joto au mabadiliko ya asidi. Kama unataka umbo libaki, ile nyuzi 60 ya Suuza_Tena haipo tena. Tumia PVA ya 87–89% tu, kata utando vipande vya mm 2, yeyusha kwenye maji ya nyuzi 4 hadi 8 ukikoroga usiku kucha, na sentrifuji iwe na ubaridi. Hakuna isopropanoli. Ukimaliza, gandisha na ukaushe kwa ombwe siku hiyohiyo, kwa kuwa PLGA ikikaa majini inaendelea kuvunjika.

---

Suuza_Tena

Kwa PLGA iliyosuuzwa kwa baridi, PVA kidogo itabaki juu ya uso hata ufanyeje. Kwa hiyo andaa matufe ya kulinganisha kwa njia ileile kabisa: utando uleule, mafuta yaleyale, nyuzi 65, muda uleule, kuyeyusha kulekule, ila usivute. Usilinganishe duaradufu zako na matufe yaliyotoka moja kwa moja kwenye chupa. Yale hayana ngozi ya PVA, na ukiona tofauti hutajua inatokana na umbo au na ngozi.

Matufe hayo yasiyovutwa yana kazi ya pili. Yakitoka na kipenyo kilekile cha mwanzo, joto na mafuta havikuharibu kitu. Yakitoka yamevimba au yameungana, rudi kwenye hatua ya kupasha kabla ya kugusa mashine ya kuvuta.